Jasho la Kichwani Mbele ya Meza ya Upasuaji

Nyinyi mnaobaki katika chumba cha upasuaji mmezoea kuniona na kitambaa kinene cha kijani chini ya kofia. Mmezoea pia kunisikia nikisema "kitambaa!" katikati ya kazi, na mmoja wenu kuja nyuma yangu bila kuuliza. Wageni walidhani ni desturi ya hospitali. Mwanafunzi mmoja kutoka Gitega alikwenda kujishonea cha kwake kabla hajaambiwa kwamba si lazima.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Ngagara, hapa Bujumbura, na kila anayekuja kunisalimia ananiomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Vyeo na mishahara vina watu wake wa kuviandika. Mimi nitaandika juu ya kichwa changu, kwa sababu ndicho kilichokaribia kuninyima kazi hii, na kwa sababu nina hakika yupo kati yenu anayelowa na hasemi.

Nilizaliwa Buyenzi, baba yangu akiwa fundi wa magari. Baba alitokwa na jasho kichwani kama mtu aliyemwagiwa kopo la maji, hata akiwa amekaa kivulini anakunywa chai. Shangazi yangu vilevile. Mimi lilinianza nilipovunja ungo. Kwapa kavu, mgongo mkavu, lakini kichwani maji yanatiririka mpaka shingoni. Madrasa nilifika na mtandio umelowa, na mwalimu alidhani ninatawadha njiani. Nyumbani hakuna aliyeona kuwa ni ugonjwa. Ilikuwa kama kuwa na pua ya ukoo.

Nikasoma uuguzi, nikamaliza, nikapangiwa chumba cha upasuaji. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Kashindi, mtu wa Uvira ng'ambo ya Kongo, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wauguzi wa vyombo, yaani sisi tunaosimama mezani na kumpa daktari kila anachohitaji. Alinifundisha kwanza kunawa: kucha, vidole, kiganja, mkono mpaka kiwiko, na maji yateremke kwenye kiwiko, yasirudi mkononi. Nikamwambia sisi Waislamu tunatawadha mara tano kwa siku.

"Basi hii ni ya sita," akasema. "Na ni ndefu."

Kisha akanieleza jambo ambalo lilinifanya nimeze mate. Ukishavaa glavu, mikono yako inakaa kati ya kifua na kiuno. Hugusi uso. Hugusi kofia. Pua ikikuwasha, inawasha. Kichwa si kisafi, hata kama umekiosha asubuhi, na kitu chochote kitakachotoka kichwani kikaanguka kwenye kidonda kinaweza kumletea mgonjwa usaha na homa, na hata kumuua. Nilikuwa nikimsikiliza huku nikihisi tone la kwanza likishuka nyuma ya sikio.

Kwa siku za mwanzo nilisimama pembeni nikitazama. Halafu nikavalishwa, nikasogezwa mezani. Mgonjwa alikuwa mzee mwenye ngiri. Daktari alikuwa Nestor, kijana wakati ule, amerudi kutoka masomoni, mrefu kiasi kwamba meza ilipandishwa kwa ajili yake na sisi wengine tukasimama juu ya vijukwaa. Ile taa kubwa ilikuwa juu ya kichwa changu kama jua la pili. Nilimpa koleo, nikampa uzi, nikampa mkasi. Nilipoinama kuchukua kitambaa cha kukausha damu, tone likatoka chini ya kofia, likapita kwenye nyusi, likaanguka juu ya shuka la kijani, kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye kidonda.

Daktari Nestor akaona.

"Ni nini ile?"

"Ni jasho, Dokta."

"Dehors," akasema, bila kupandisha sauti. "Toka inje."

Papa Kashindi akachukua nafasi yangu. Wakafunika pale palipolowa kwa shuka jipya, wakaendelea. Yule mzee alipona na kwenda zake bila kujua kwamba alinusurika na kichwa changu.

Baadaye Daktari Nestor alinikuta kwenye korido.

"Unakunywa?"

"Mi ni Muislamu, Dokta."

"Si hiyo nimeuliza."

"Apana. Sinywi."

"Unaogopa damu?"

"Siogopi damu."

"Basi iko ugonjwa. Mutu wa hivi hawezi kusimama juu ya tumbo wazi."

Nataka mjue kwamba sikumchukia kwa maneno hayo. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa nimelala pale mezani, nisingetaka mvua ya mtu juu ya utumbo wangu. Lililonichoma ni kwamba alikuwa na haki. Wakaanza kuzungumza juu ya kunipeleka dirishani, kule wanakoandikishwa wagonjwa.

Papa Kashindi alinifuata nyuma, kwenye ngazi zinazoelekea kwenye kamba za kuanikia mashuka.

"Hadidja, hii kazi unaipenda, ama ulitumwa tu?"

"Naipenda, Papa."

"Juu ya nini?"

Nilifikiri kidogo. "Juu ya kila kitu iko na fasi yake. Na daktari akiomba kitu, kinakuwa tayari kwa mukono yake mbele amalize kusema. Mi najua kufanya vile. Najua nitaweza."

Akageuza shuka moja kwenye kamba.

"Bon. Nitaongea na Nestor. Utabaki ndani, lakini hautavaa glavu. Utazunguka, utafungua vyombo, utaleta dawa. Lakini hiyo kichwa, we mwenyewe njo utaitafutia njia. Si mi. Ukipata, unirudilie."

Nikaanza kutafuta siku ileile. Nilijaribu kwanza mfuko wa plastiki chini ya kofia. Msijaribu. Maji yalikosa pa kwenda, yakakusanyika, kisha yakateremka yote kwa pamoja sikioni, na mchana mzima nikawa nasikia watu kama niko chini ya ziwa. Nikajaribu pamba: ilikunywa vizuri, halafu ikaanza kudondoka mabonge. Nikajaribu pedi za wanawake, na sioni haya kuandika kwamba zilishinda vyote, kwani zimetengenezwa kwa kazi ya kunyonya. Shida ilikuwa gundi kwenye nywele, na Papa Kashindi kuniuliza mbele ya watu kwa nini kofia yangu ina mabawa.

Mwisho nikaenda mtaa wa Asiatique kwa Mzee Rashidi, fundi wa kushona aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa. Alishona kanzu na sare za shule. Nilimweleza ninachotaka, akanipima kichwa kwa futi ya nguo.

"Ya arusi?"

"Ya kazi, muzee. Inapashwa kunywa maji mingi, na isiangushe hata tone moja mbele."

Akaniomba nisimame juani barazani pake. Nikasimama. Hakuchukua muda kuelewa. Alitazama maji yanavyoshuka, yanapoanzia na yanapopita, kama fundi wa bati anayetazama paa linalovuja.

"Maji huwezi kuikataza," akasema. "Lakini unaweza kuiambia ipite wapi."

Akashona ukanda wa kitambaa cha taulo, tabaka mbili, na kwenye paji la uso akaweka ukingo mdogo ulioinuka kama mfereji, ukielekeza maji pembeni, nyuma ya masikio, mpaka kisogoni, ambako tabaka zilikuwa tatu. Wa kwanza ulipochemshwa pamoja na nguo za hospitali ulirudi ukubwa wa kichwa cha mtoto. Hakukasirika. Alichemsha kitambaa kwanza, akakikausha, ndipo akakata. Vitambaa mnavyovijua nyinyi vimetokana na ukanda huo wa pili.

Bado nywele zilikuwa tatizo. Nilikuwa na nywele nyingi, na nilizisuka vizuri, lakini chini ya ukanda zilikuwa kama sponji la pili ambalo hakuna wa kulikamua. Jumamosi moja nikazikata zote. Mume wangu Swedi, dereva wa malori, aliingia akanikuta jikoni bila mtandio. Alisimama mlangoni.

"Hadidja! Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Nimekata juu ya kazi."

"Kazi inaomba nywele?"

"Inaomba kichwa kavu."

Akakaa kula. Alipomaliza akauliza, "Itaota tena?"

"Ikiota nitakata tena."

Sikujua kama atanuna wiki nzima. Kumbe kesho yake yeye ndiye aliyetoa wazo. Alisema dereva hapewi lori kabla hajajaribiwa kwenye mlima, kwa hiyo na mimi nijaribiwe. Tukawasha jiko la mkaa uani saa sita mchana. Nikavaa kofia, ukanda na barakoa, nikasimama karibu na moto, mikono kifuani. Mbele yangu tukaweka kiti kilichofunikwa karatasi nyeupe, ili tone likianguka lionekane. Swedi akakaa upande wa pili akiita, "Kisu! Kijiko! Uma!" na mimi nikimpa mkononi bila kuinamisha uso. Siku za mwanzo karatasi ililowa. Nikajifunza kuinama kwa magoti, si kwa shingo. Nikajifunza kusogeza macho kabla ya kichwa. Jirani alichungulia juu ya ua akamuuliza Swedi kama tunafanya mazoezi ya igizo la kanisani. Swedi akamjibu kwamba sisi ni Waislamu, akaendelea kuita uma.

Siku karatasi ilipobaki kavu kutoka adhuhuri mpaka alasiri, nilikwenda kwa Papa Kashindi. Hakunisifu. Alinipeleka kwa Daktari Nestor, akasema, "Umurudishe kwa kazi fupi fupi za asubui. Mi nitasimama pembeni yake." Nestor alinitazama kichwani, akatazama ule mfereji wa Mzee Rashidi, akasema tu, "Tutaona." Nikarudi mezani. Kazi fupi zikawa ndefu. Miaka ya vita ikaja, na hiyo sitaieleza hapa. Mlioiishi mnaijua, na wadogo mtaisikia kwa wazazi wenu. Nitasema tu kwamba katika miaka ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza nani anatoka jasho.

Hata hivyo nilikuwa bado sijui nina nini. Nilikuwa nimejenga paa zuri juu ya kitu nisichokijua. Aliyenifungua macho ni Daktari Goretti, aliyekuja hospitalini kwetu kama daktari wa ngozi. Siku moja alinikuta nakamua ukanda kwenye karo.

"Mama Hadidja, ilianza lini?"

Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wameniuliza kama naogopa. Akaendelea: ni kichwa tu au mwili wote? Ukilala, mto unalowa? Kwenu kuna mwingine? Umepungua uzito? Moyo unakwenda mbio? Una homa za jioni? Unakunywa dawa gani? Nikamjibu moja moja: tangu ujana, kichwa na uso tu, nikilala nakauka, baba na shangazi. Akanipima damu kuangalia sukari na tezi ya shingo. Majibu yalikuwa mazuri.

"Mwili iko na namna yake ya kujipooza," akaniambia. "Ni jasho. Yako iko muzima. Ila mishipa ya kuipa amri, njo inasema sana. Inasema 'mwaga maji' hata kama hakuna joto. Umezaliwa nayo, inapita mu familia. Si microbe, si uchafu, haiambukizi."

"Basi si woga?"

"Woga inaongeza, lakini si yenyewe ilileta. Na tena ukitoka jasho unaogopa watu watakuona, ukiogopa unatoka ingine. Inazunguka hivyo."

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Nilikaa pale kwenye kiti chake nikalia kidogo, nikajifuta kwa ule ule ukanda, maana ndio uliokuwa mkononi.

Mambo aliyonifundisha nayaandika kwa ajili ya anayehitaji, lakini nendeni kwa daktari, msijipe dawa wenyewe. Kwanza alinipa dawa ya maji yenye chumvi ya alumini, inayopakwa kwenye ngozi ya kichwa wakati wa kulala na kuoshwa asubuhi. Inaziba vijitundu vya jasho kwa muda. Aliniambia ngozi iwe kavu kabisa. Mimi, kwa haraka, nikapaka baada ya kuoga. Kichwa kiliwaka kama nimesugua pilipili, na Swedi akanipepea kwa sahani. Baada ya hapo nilitii: nakausha, nasubiri, napaka kidogo, na nikiona ngozi imewasha napumzika siku kadhaa. Ilipunguza. Haikumaliza.

Kisha tukajaribu vidonge vya kukausha. Vilikausha kweli: kichwa, na mdomo, na macho, na choo. Lakini nilipokuwa naingiza uzi kwenye sindano niliona matundu mawili, na sikujua lipi ni la kweli. Tena alinionya kwamba mwili usiotoka jasho kwenye joto la Bujumbura unaweza kuchemka kama injini isiyo na maji. Tukapunguza, mwisho tukaacha. Alinieleza pia kuna sindano zinazochomwa kwenye ngozi ya kichwa, lakini zinafanywa mbali na zinahitaji kurudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Nikamwambia kichwa changu hakina pasipoti.

Yaliyobaki ni madogo, na ndiyo yaliyonibeba. Niliacha chai ya moto na pilipili asubuhi ya kazi. Chai nikainywa imepoa, jambo ambalo mama yangu aliliona kama kuritadi. Nilikunywa maji mengi ili kurudisha yanayotoka. Ramadhani ilipoangukia miezi ya joto niliomba zamu za alfajiri, na wenzangu Wakristo walinibadilishia kila mwaka bila kuombwa mara mbili. Niliosha kichwa kila siku na kukikausha vizuri, maana ngozi inayokaa na maji inaota ukungu na kuwasha. Na kubwa kuliko yote, niliacha kuficha. Kabla ya kila upasuaji niliwaambia waliomo, pamoja na wageni: "Mi natoka jasho kichwani. Nikisema kitambaa, mutu moja aje nyuma yangu anibadilishie." Dakika ambayo kila mtu anajua, ule woga unaozunguka unakosa pa kuzungukia.

Jambo hilo lilipimwa mchana mmoja wa Septemba, kabla ya mvua, wakati joto la mji linakaa juu ya ziwa halitaki kuondoka. Papa Kashindi alikuwa amekwishastaafu na kurudi kwao Uvira. Tuliletewa mama mjamzito ambaye kizazi kilikuwa kimepasuka. Daktari Nestor alikuwa amekwishafungua tumbo umeme ulipokatika. Jenereta iliwasha taa na mashine za mgonjwa, lakini kipoza hewa kikabaki kimya. Madirisha hayafunguliwi, mnajua kwa nini.

Mtoto alikuwa ameshatoka, analia upande wa pili. Mama alikuwa akivuja damu kuliko tulivyoweza kuifuta. Nestor alikuwa akiomba koleo juu ya koleo, na mimi nampa, na mikono yetu ilikuwa ikienda kama ya mtu mmoja. Nilihisi ukanda umejaa. Kuna uzito fulani kisogoni ambao niliujua kuliko saa ya ukutani. Nilijua nina muda kidogo kabla mfereji haujafurika mbele.

Kumkatiza daktari wakati mshipa unamwaga damu si jambo dogo. Lakini nilikuwa nimejiapia kwamba hakuna tone tena litakaloanguka kutoka kwangu. Nikamwekea koleo mbili zaidi mkononi, nikarudi nyuma hatua moja, nikasema, "Kitambaa!"

Muuguzi mwenzangu alikuwa nyuma yangu tayari. Nilihisi ukanda uliolowa ukivutwa, taulo likipita shingoni na kwenye paji, ukanda mkavu ukikaa. Daktari Nestor hakuinua macho. Alikuwa ameshika mshipa kwa vidole, amesimama hivyo, ananingoja. Nilipomsogelea tena alisema, "Uzi," na mimi nilikuwa nao.

Nilisema "kitambaa" tena na tena mchana ule, na kila mara alingoja. Umeme ulirudi tulipokuwa tunafunga ngozi. Yule mama aliishi. Nilimwona wodini akimnyonyesha mtoto wake na kulalamika kwamba chakula hakina chumvi.

Kesho yake Daktari Nestor alikuja kwenye chumba cha kunawia, akanawa pembeni yangu, halafu akauliza:

"Huyu fundi wako wa Asiatique, anapima wanaume pia?"

Nilimpeleka mwenyewe. Mzee Rashidi alimwambia ana kichwa kikubwa, na Nestor akalipa bila kubisha.

Kisa cha mwisho ni cha Mama Spès. Wengi wenu mnamjua: anakaa Musaga, anapanda basi dogo alfajiri, na yeye ndiye anayesafisha chumba cha upasuaji na kufua nguo zetu, pamoja na mikanda yangu. Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilianza kuona mikanda inarudi imekunjwa ovyo. Halafu nikamkuta anaitumbukiza kwenye ndoo kwa kijiti, amegeuza uso. Iliniuma. Miaka yote alikuwa akiishika kwa mikono yake.

"Mama Spès, kuna nini?"

Akageuka. Nikaona kitenge alichojifunga kichwani kimelowa chepechepe, na maji yanamshuka kwenye mashavu.

"Umeniambukiza," akasema. "Wote wanasema. Mi sikukuwa na hii kitu. Nimefua vitambaa vyako, sasa na mi natoka maji. Sikukasirikii, Mama Hadidja. Lakini sitavishika tena."

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia hivyo maisha yangu yote. Lakini nikamtazama vizuri. Uso ulikuwa umekonda. Mkono ulioshika kijiti ulikuwa ukitetemeka. Nikageuza ndoo nyingine, nikakaa.

"Ilianza lini?"

"Kisha Pasaka."

"Ni kichwa tu?"

"Kichwa, mwili, kila fasi. Usiku nalowana mpaka matela ya kulalia."

"Moyo?"

"Inapiga kama nimekimbia. Na mi nimekaa tu. Nakula sana lakini nguo zinaanguka. Watu wa maombi walisema nifunge siku kazaa. Nilifunga, nikaanguka kwa njia."

"Sikia, Spès. Yangu nilizaliwa nayo, na nikilala inalala. Yako imekuja kwa gafla, na hailale. Si kitu kimoja. Yangu ni tabia ya mwili. Yako ni mwili inaita."

Alinitazama kama anayetaka kuamini na kuogopa vilevile. "Inaita nini?"

"Sijui. Tuende tuulize."

Sikumwachia nafasi ya kusema kesho. Nilimshika mkono nikampeleka kwa Daktari Goretti akiwa bado amevaa aproni ya kufulia. Goretti aliuliza maswali yaleyale aliyoniuliza mimi, akamwambia ameze mate, akamshika shingo kwa vidole taratibu. Damu ikasema kilichobaki: tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Alipewa vidonge vya kuituliza, akavinywa kwa miezi kadhaa. Jasho likapungua, uzito ukarudi kidogo. Lakini tezi iliendelea kukua mpaka ikaanza kumbana koo, na Daktari Nestor, ambaye nywele zake sasa ni nyeupe zote, akasema lazima itolewe.

Spès alikataa. Alikuwa amefua damu ya watu wengi mno kuweza kulala pale kwa moyo mwepesi. Nilikwenda kwake Musaga Jumapili baada ya misa yake. Hatukuzungumza juu ya upasuaji mpaka tulipomaliza kula.

"Wanakata karibu na sauti," akasema. "Mi niliwasikia wakisema. Wakikosea kidogo, mutu anabaki anapuliza tu kama upepo."

"Ni kweli iko karibu. Njo maana wanaenda polepole."

"Na we, bado uko mezani?"

"Bado. Nitaondoka mwisho wa mwezi."

"Basi wanipasue mbele uondoke. Nitalala kama we njo umesimama pale."

Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa kazi ndefu, ya vyombo vidogo, uso wa kila mtu karibu na shingo ya mtu tunayemjua. Nilisema "kitambaa" mara nyingi kuliko kawaida, na sidhani ilikuwa joto. Daktari Nestor alitenganisha ile tezi na mshipa wa sauti, ambao ni mwembamba kama uzi wa kushonea kanzu, akausogeza salama. Akafunga. Tukahesabu vyombo na vitambaa vyote, vikatimia.

Wakati wa kumwamsha, sote tulibaki. Hakuna aliyeagizwa kubaki. Macho yake yalifunguka, yakafumba, yakafunguka tena. Daktari Nestor akainama.

"Mama Spès. Sema kitu. Tunataka kusikia sauti yako."

Midomo ikatikisika, hakikutoka kitu. Nestor akasubiri. Mimi nilikuwa nimeshika kingo za meza ya vyombo kwa mikono miwili. Spès akageuza macho polepole, akatazama dari, akatazama taa, kisha akatazama chini kwenye pembe ya chumba, karibu na mlango, na akakunja uso.

"Nani amepiga deki leo?" akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. "Pale kwa kona iko uchafu."

Daktari Nestor alicheka mpaka akavua barakoa. Mimi nilikwenda kuitazama ile pembe. Kweli, ilikuwa chafu.